Acha Mara Moja

3 Machi

Mdogo wangu Mbishi,

Salamu kwanza, ugomvi utafuata. Simu ya pale kwenye kinu cha kusaga unga bado imekufa, nguzo zimelala chini tangu upepo ule, kwa hiyo safari hii utanisoma mpaka mwisho badala ya kunikatiza.

Tangu tumzike Baba, Mama hakulala. Sisemi alilala kidogo. Nasema hakulala. Alizunguka nyumba nzima akitikisa milango na kuuliza ni nani aliyemfungia mumewe nje. Siku moja aliniita mwizi. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu mwenyewe, nashona kola, akasimama mlangoni akasema, "Wewe mwanamke, toka nyumbani kwa watu."

Basi nilikwenda sokoni kwa yule muuza mizizi mwenye miwani ya kamba. Akanipa mzizi wa kahawia, mchungu, unaochemshwa mpaka maji yanafanana na ya kuoshea kutu. Mama akanywa bakuli dogo, akalala. Mdogo wangu, nililia kwa furaha kama mwenda wazimu.

Lakini nakujua. Nikikuficha utakuja kunifokea. Kwa hiyo nakutumia kipande kwa mkono wa dereva wa lori la maziwa, yule tunayemwita Taratibu. Wewe ndiye uliyezeeka katika maabara ya chuo ukichungulia bongo za panya. Chungulia na hiki, uniambie kama ni salama.

Usijali mwandiko. Pasi imeniunguza mkono kidogo.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Muuza mizizi amekuhakikishia nini? Kwamba "ni ya asili, haina madhara"? Najua amesema, wote husema. Mwambie sumu ya nyoka nayo haikutoka kiwandani. Nimechoka na dini hii ya asili. Nimechoka vilevile na wenzangu wa makoti meupe, ambao wakisikia neno mzizi hucheka kwanza na kupima hawapimi kabisa. Wote wawili ni wavivu. Mmoja anaabudu, mwingine anadharau, na katikati yao yuko mama yangu na bakuli mkononi.

Mimi nimepima. Sikiliza, na usiruke mistari kama unavyofanya.

Ndani ya ubongo seli zinazungumza kwa kemikali. Ziko kemikali zinazosema amka, kimbia, piga kelele. Na iko moja ambayo kazi yake ni kusema basi, imetosha. Sisi tunaiita gaba. Kila seli ina vilango vya kuipokea. Gaba ikiingia pale, seli inanyamaza. Ndiyo breki ya kichwa. Bila breki hiyo mimi na wewe tungekuwa tunarukaruka kama mahindi kwenye kikaango.

Mzizi wako nimeusaga, nimeuchuja, nimeutia kwenye kisahani chenye seli za panya. Hauleti gaba mpya. Unaishikia ile iliyopo mlango wazi, ili ikisema "basi" kwa sauti ya kawaida, seli isikie kama imepigiwa tarumbeta.

Kwa hiyo mzizi unafanya kazi. Na hapo ndipo ninapoogopa. Maji ya rangi hayawezi kumzima mtu. Haya yanaweza. Mama anakunywa kiasi gani? Nani anapima? Anapumua vipi akilala? Na mpeleke zahanati, Dada, hata kama foleni inafika barabarani.

Nitumie mizizi zaidi nijaribu kwa panya wazima. Kisahani hakina usingizi wala ndoto, hakiwezi kuniambia yote.

Mbishi


16 Machi

Mbishi wangu,

Umenifokea vizuri, nimekusikia hadi huku. Hata Taratibu alipokuwa ananipa bahasha alisema, "Hii ni ya moto, Mama Cherehani, ishike kwa kitambaa."

Unauliza nani anapima. Mimi ninapima, nani mwingine? Mwanzo lilikuwa bakuli dogo. Wiki iliyofuata akaanza kuamka katikati, nikampa bakuli lile la maua. Sasa ni lile la kuoshea mchele, si mpaka juu, lakini ni lile. Muuza mizizi anasema mwili umezoea, niongeze.

Zahanati tulikwenda. Muuguzi aliuliza kama kuna dawa anayotumia. Nikasema hakuna. Usinipigie kelele. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi, na yule muuguzi ana mdomo. Ningesema mizizi angenitangaza ukumbini.

Mama ametulia. Anakaa kwenye kiti chake dirishani, mikono mapajani. Chakula anakula nikimlisha. Akilala mdomo unabaki wazi, na mara nyingine pumzi inakawia kurudi, basi namwekea kioo changu kidogo cha mkobani mbele ya pua nikitazama ukungu. Ukungu unakuja. Hata ukichelewa, unakuja.

Mizizi ya panya wako hiyo hapo, fungu zima. Wasalimie.

Dada


24 Machi

Dada mpenzi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimetulia, na pengine hilo litakushangaza. Huenda nilikufokea kupita kiasi. Nimekaa nikafikiri juu ya mzizi huu na lazima niseme ukweli: ni kitu cha ajabu. Vidonge vya hospitali vinamwangusha mtu kama gunia. Huu unamshika mkono ukamlaza.

Panya wanaendelea vizuri. Hasa mmoja, panya mkubwa kuliko wenzake, mwenye mvi na hasira nyingi, ambaye tangu mazishi alikuwa hafumbi jicho. Sasa analala fofofo. Anaamka mdomo mkavu, lakini ameacha kugombana na kila mtu. Wenzangu maabara wanamshangaa.

Mama usimzidishie zaidi ya hapo. Na zahanati rudi ukaseme kweli.

Fungu ulilonitumia limekwisha upesi kuliko nilivyotarajia. Tuma jingine. Ikiwezekana tuma mawili.

Nduguyo


2 Aprili

Mdogo wangu,

Panya gani hao? Fungu zima ndani ya wiki moja! Baba alikuwa na fahali aliyekunywa kidogo kuliko panya wako.

Na tangu lini panya akaenda mazishini?

Nacheka, lakini sina cheko. Muuza mizizi amekaukiwa, mvua imeharibu njia ya huko anakochimba. Nimepata vipande vichache, nimegawa, nusu ya Mama na nusu yako. Sijui kwa nini nimekugawia. Mkono uligawa wenyewe.

Naogopa. Nikuambie ninachoogopa. Juzi mchana nilikuwa napima suti ya fundi bomba sebuleni, Mama kwenye kiti chake. Fundi bomba akasema, "Mama yako anatabasamu." Nikageuka. Alikuwa anatabasamu kweli, na mchuzi ulikuwa unamtoka pembeni ya mdomo, na macho hayakuwa yanatazama popote. Nikamwita. Nikamfinya. Nikamwita kwa jina lake la usichana, ambalo ni Baba tu aliyelitumia. Alichukua muda mrefu kurudi. Aliporudi aliniuliza, "Wewe ni wa nani?"

Si kama zamani aliponiita mwizi. Safari hii aliuliza kwa adabu, kama mgeni. Afadhali angenifukuza.

Nikimpa, anazama. Nikichelewa kumpa, anatetemeka na kuona watu ukutani. Nifanye nini? Usiniandikie somo. Usiniambie habari za vilango. Niambie nifanye nini, kwa maneno machache, nami nitafanya.

Dada


8 Aprili

Dada,

Acha mara moja.

Hayo ndiyo maneno machache. Sumu ni sumu hata ikibembeleza. Panya nao nimewaachisha leo, wote, pamoja na yule mzee mwenye mvi. Vipande ulivyotuma nimevimwaga chooni.

Mbishi


12 Aprili. Hospitali, wodi ya wanaume

Dada USIACHE

Kama hujaacha usiache. Kama umeacha mpe tena, leo, sasa, mpe kile alichokuwa anakunywa kabla hujapata barua ile. Ichane barua ile. Ilikuwa ya mjinga.

Samahani kwa mwandiko. Kalamu inakimbia yenyewe.

Hakuna panya, Dada. Nadhani ulijua. Palikuwa na kisahani kile cha kwanza na baada ya hapo palikuwa na mimi, chumbani kwangu, na sufuria. Nilijiambia kuwa mtu mwenye elimu ajijaribie mwenyewe kabla ya kumhukumu mama yake. Maneno mazuri sana. Kweli ni kwamba tangu Baba azikwe sikuwa nimelala, na bakuli la kwanza lilinilaza kama mtoto, na baada ya hapo sikuwa tena na swali la kisayansi. Nilikuwa na kiu.

Nilipokuandikia uache, niliacha pia. Papo hapo, kama mwanamume. Siku iliyofuata vidole vilianza kucheza. Kisha jasho. Kisha taa ya maabara ikawa na sauti, halafu nikamsikia Baba anakohoa koridoni. Si mfano wake. Yeye, kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla hajabisha hodi. Nikaenda kumfungulia. Wananiambia nilianguka hapo mlangoni, mwili ukapigapiga sakafu, nikauma ulimi. Mzee wa stoo, yule tunayemwita Chupa, ndiye aliyenilaza ubavu na kukaa nami. Anasema nilikuwa nabishana hata nikiwa nimezimia.

Sasa nisikilize, maana nilichokuandikia mwanzo kilikuwa nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Ubongo si mpumbavu. Ukiushikia mlango wazi kila siku, unasema, ya nini kuwa na milango mingi? Unaiondoa. Unapunguza breki zake na kuongeza moto, ili ulingane na mzizi. Ndiyo maana bakuli dogo halikutosha. Halafu siku moja anakuja mbishi anauondoa mzizi ghafla. Mkono ulioshika mlango umekwenda, na milango yenyewe haipo. Hakuna wa kusema basi. Kichwa kizima kinapiga kelele kwa wakati mmoja.

Mimi bado nina nguvu, na nilianguka. Mama je? Akianguka penye jiko? Akianguka ukiwa umekwenda kisimani?

Daktari hapa, anayenipa vidonge vya kushika mahali pa mzizi, amenifahamisha hayo kwa upole, mimi niliyeyafundisha darasani. Namchukia kidogo.

Wanasema maji yamepanda na lori halijarudi kutoka huko. Chupa amempa barua hii mwenye pikipiki. Dada, jibu. Jibu hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako


13 Aprili

Mbishi,

Haraka haraka, maana Taratibu anageuza gari sasa hivi, anasema akilala huku daraja litamkimbia.

Nimefanya kama ulivyoandika. Ilikuwa vibaya sana, sitaki hata kukusimulia. Lakini yamepita. Sasa Mama ametulia. Nami nimelala kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Ulisema kweli, na mimi nilichelewa kukuuliza.

Dada


20 Aprili. Bado wodini

Dada yangu,

Nimepata barua yako ya tarehe kumi na tatu. Imenifikia ikiwa imelowa, na neno moja tu halikufutika hata kidogo.

Ametulia.

Unakumbuka shangazi alivyotoka chumbani siku ile, akafunga mlango nyuma yake kwa mikono miwili? Hakusema amekufa. Hakuna aliyesema amekufa. Alisema, "Baba yenu ametulia." Mimi nikasema alhamdulillahi, nikaenda kumchemshia maji. Nilirudi na maji, Dada. Wewe ndiye uliyenipokonya sufuria.

Umefanya kama nilivyoandika. Ilikuwa vibaya. Yamepita. Ametulia.

Niambie kwa lugha gani nisome maneno hayo nisione kaburi. Nimejaribu. Nimeyasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Nimempa Chupa ayasome kwa sauti yake. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, mama angekufa, dada yako angeandika." Nikamwambia, ndiyo hii, ameandika!

Nilitoroka wodini ili nije. Nilifika kwenye maji. Upande wa pili kulikuwa na watu wamesimama kama mimi, na katikati hakuna kitu, ni maji ya tope na mlango wa nyumba ya mtu unaelea. Nikarudishwa kwa mkono. Chupa amenificha viatu.

Maisha yangu yote nimebishana na watu kwa kalamu. Nimewashinda wengi. Sikujua kwamba maneno matatu ya kalamu hiyohiyo yanaweza kuingia nyumbani kwetu yakamkuta Mama kwenye kiti chake.

Usiniandikie tena ametulia. Kama yuko hai, niandikie kitu kinachosikika. Kama hayuko, andika neno lenyewe.

Mbishi


26 Aprili

We mbishi, mtoto wa mama yako!

Yuko hai. Nimeliweka mwanzo ili usiruke mistari.

Barua zako mbili zimefika pamoja, ile ya kalamu inayokimbia na ile ya kaburi. Nilizisoma nimesimama, kisha nikakaa chini, sakafuni, sindano mdomoni. Kidogo nimeze sindano.

Sasa nisikilize wewe. Uliniandikia acha mara moja. Nikaacha mara moja. Mara moja, Mbishi! Moja! Nilielewa kwamba niruke bakuli moja, nione itakuwaje. Nikasema huyu ana akili kweli, anataka tujaribu. Nikaruka la jioni. Kabla ya mapambazuko kidevu chake kilianza kucheza, meno yakawa yanagongana, akanishika gauni akaniambia kuna moto ndani ya ukuta. Ndiyo ile niliyosema ilikuwa vibaya. Nikasema basi, hiyo mara moja imetosha, mdogo wangu ameshapata jibu lake. Nikampa tena, akatulia. Akatulia maana yake akatulia! Alikaa kwenye kiti akaomba uji.

Kama ulitaka papo hapo, ungeandika papo hapo. Umesoma vitabu vyote vile, na barua umeiweka mkononi mwa mtu anayeitwa Taratibu. Neno ulilolihitaji lilikuwa linaendesha lori.

Nacheka, lakini kila nikifikiri kwamba ningekuelewa, ningemuua, nasimamisha cherehani. Sijawahi kushukuru kwa kutokukuelewa. Usiku naamka nalisoma lile neno lako upya, na kila mara nalisoma ulivyotaka wewe.

Nami niseme langu. Mkono wangu haukuungua kwa pasi. Mama alinimwagia maji ya chai, yakiwa yanachemka, siku ile aliyoniita mwizi. Sikutaka ujue kwamba anaweza. Nilimzidishia bakuli kwa sababu nilimwogopa, wala si kwa sababu ya muuza mizizi. Mama yangu mzazi, na nikimsikia anainuka kitini nilikuwa nashika mkasi.

Tumerudi zahanati. Nimesema yote, mbele ya benchi zima. Muuguzi mwenye mdomo hakunitangaza. Alimwita mganga mkuu, na mganga mkuu amesema sawa na daktari wako: tusiache ghafla, tushuke polepole, yeye akimpima. Kwa hiyo nimekata vitambaa. Nimeshona vifuko, kila kimoja kidogo kuliko kilichokitangulia, kikubwa cha kitambaa cha suti ya fundi bomba, vidogo vya masalio ya bitana. Njia imefunguka, muuza mizizi amechimba tena, nami nimejaza mzizi uliosagwa. Kila kifuko kinachemshwa siku zake, kisha kinafuata kingine. Seti mbili, ya Mama na yako. Yako ndiyo hiyo. Mwonyeshe daktari kwanza. Usiruke kifuko kwa sababu umejisikia mwanamume.

Nimemwambia Mama kwamba unaumwa usingizi. Akafikiri sana. Akasema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie asiutamani usingizi wa baba yake."

Dada


6 Juni

Dada,

Daktari alivicheka vifuko vyako, akavipima kwenye mizani, akaacha kucheka. Akaniambia nianze navyo mahali pa vidonge vyake. Kila kifuko kikiisha nimekuwa nikienda kumwonyesha mikono, naye anasema, kinachofuata.

Sasa nimefika cha mwisho, kile cha bitana nyekundu, kisichozidi ukucha. Nilikaa nacho kwa hofu ambayo sijui niilinganishe na nini. Nilijua baada yake hakuna kingine. Nikakata uzi kwa wembe.

Hakina kitu.

Nilikigeuza ndani nje. Nikakinusa. Nikakutukana, usamehe. Halafu nikaelewa kwamba ulikishona hivyo kwa makusudi, na kwamba kile nilichomaliza wiki iliyopita ndicho kilichokuwa cha mwisho, nami sikujua, kwa hiyo sikupata nafasi ya kukiogopa.

Sikulala vizuri. Nilisikia kikohozi koridoni, nikaganda kitandani nikisubiri Baba abishe hodi. Aliyekohoa alibisha mlango wa jirani. Ana mafua, mtu wa watu. Bado naogopa, Dada. Breki zangu ni mpya, zinapiga kelele, sijui zitashika mteremko gani. Lakini kuna wakati fulani kabla ya adhana nilifumba macho, na hakuna aliyenishikia mlango.

Mama amefika kipi?

Mbishi


14 Juni

Mdogo wangu,

Mama naye amefika kitupu. Nilikiweka mkononi mwake, akakibonyeza, akaniangalia, akajua. Hakunirushia.

Siku mbili hakulala. Nilificha mkasi, na safari hii niliuficha ili nisiushike mimi. Akatikisa mlango mmoja tu, ule wa mbele. Akaniuliza Baba yuko wapi. Zamani nilikuwa namwambia anakuja, kisha nachemsha sufuria. Safari hii hapakuwa na sufuria. Nikamwambia, Mama, Baba amekufa, tumemzika, wewe ulikuwepo. Neno lenyewe, kama ulivyotaka.

Akalia mpaka nikadhani ndiyo mwisho wake. Nilikaa naye sakafuni. Nilikuwa na hofu, Mbishi, mpaka nikakitoa kile kioo mkobani nikakishika tu.

Sasa hivi ninapoandika, Taratibu ameegesha lori nje na ananipigia honi. Nimetoka nimemwambia aache kelele, mgonjwa amelala. Akasema, "Namsikia."

Anakoroma, mdogo wangu. Mama anakoroma, mpaka barabarani.

Dada